Kisogo cha Mama Mkwe

Ugomvi ulianza na kisogo cha muuza maziwa. Alipanda barazani kwa Msusi asubuhi, madumu yake matupu yakigongana, akachomoa karatasi kifuani na kuikunjua juu ya mapaja ya mteja aliyekuwa akisukwa, bila hata kumwomba radhi. Lilikuwa tangazo la karatasi ngumu inayong'aa, alilolibandua ukutani stendi. Katikati yake palikuwa na picha ya mwanamke aliyepigwa kwa nyuma: mistari ya nywele ikiteremka kama matuta ya shamba, sikio moja lenye tundu lililochanika, na kidole kimoja kimeinuka kuugusa mstari wa mwisho, kuhakikisha kama umebana.

"Hiki si kisogo changu hiki?" muuza maziwa akauliza.

Msusi aliweka kitana chini. Hakuhitaji kutazama mara mbili. "Ni chako."

"Kama usingekuwa na tabia ya kunionyesha kila ukimaliza kunisuka, ningepita pale nikasema, dada huyu kasukwa vizuri, nikaenda zangu. Sasa nani kanibandika stendi kama mwizi anayetafutwa?"

Mteja wa kwenye stuli, mwalimu wa watoto wadogo, aliinamisha shingo akasoma kwa sauti ile ya darasani. Visogo, maonyesho ya picha, Jumamosi, ukumbi wa sanaa, ufunguzi ni bure. Halafu likafuata jina la mpiga picha kwa herufi kubwa, na hapo mwalimu akanyamaza. Lilikuwa jina la mdogo wa mumewe Msusi, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Paspoti kwa sababu ya duka lake la picha za vitambulisho.

"Tangu lini Paspoti anasuka?" muuza maziwa akauliza, na hakuna aliyecheka.

Ni hivi. Mtu aliyesukwa hajioni nyuma. Wasusi wengine humshikia vioo viwili, kimoja mbele kimoja kisogoni. Kioo kimoja cha Msusi kilivunjika, na badala ya kununua kingine akaanza kupiga picha kwa simu: mteja akimaliza, anapigwa, anaonyeshwa, anaridhika, analipa. Picha zile hakuzifuta. Siku moja alikaa akazipitia zote, akaona kuwa visogo vina sura. Kimoja kimechoka, kingine kina kiburi, kingine kinamsikiliza mtu ambaye hayumo kwenye picha. Tangu hapo akawa anawasogeza wateja kwenye mwanga wa mlango, anawageuza bega kidogo, nao wakimtania kwamba siku hizi hasuki, anawinda.

Ndipo alipokwenda ukumbini kuuliza mtu kama yeye anauzaje picha. Msimamizi, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, alimwambia kwamba kila mwaka upo mwezi wa wapiga picha wasio na jina. Yeyote anaruhusiwa kutundika, mradi alete picha zilizochapwa kubwa, zina fremu, na chini ya kila moja pana jina na bei. Ikiuzwa, ukumbi unachukua theluthi. Msusi alipita kwa wachapaji akauliza gharama, akatoka amepoteza hamu ya kula. Shemeji yake ndiye aliyemwokoa. "Shida iko wapi, shemeji? Mimi si mtu wa picha? Nipe ile kadi ya picha iliyomo kwenye simu yako." Akampa. Siku zikapita, wino umeisha. Zikapita nyingine, karatasi hazijaja. Kumbe kilichoisha si wino wala karatasi. Kilichoisha ni haya.

Msusi aliokota kitana akammaliza mwalimu. Mistari ya upande wa kushoto ilibana kuliko ya kulia, lakini mwalimu alikuwa mtu mwenye busara, akaumia kimya.

*

Duka la Paspoti lilikuwa chumba kimoja chenye pazia la buluu, stuli, na koti jeusi lenye tai lililoning'inia msumarini. Koti hilo lilikuwa la kuazimisha. Nusu ya wanaume wa mtaa walikuwa wamelivaa kwenye vitambulisho vyao, wanene kwa wembamba, limewabana au limewameza. Msusi alipoingia alimkuta shemeji yake anampiga kijana mmoja. Akaonyeshwa kwa kidole mahali pa kusubiri, kama mteja.

"Inua kidevu," Paspoti alimwambia kijana. "Usicheke. Hii inakwenda serikalini."

Kijana alipovua koti na kuondoka, Paspoti alifuta mikono taratibu. "Karibu, shemeji. Najua kilichokuleta."

"Kama unajua, nipunguzie mdomo."

Akamweleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini dawa ni chungu. Ukumbi, alisema, unataka mtu mwenye duka, mwenye mhuri, mwenye simu inayopokelewa. Nani angenunua picha kwa mwanamke mwenye mafuta ya nywele hadi viwikoni? Karatasi alinunua yeye, mbao za fremu alinunua yeye, usiku kakesha na misumari. Picha ni kazi, si kubonyeza tu. Zikiuzwa, shemeji yake hatasahaulika. Tena asidhani amesahaulika hata sasa. Akamwonyesha kijikaratasi cha maonyesho, mstari wa mwisho kabisa, herufi ndogo kama mayai ya chawa: Shukrani kwa shemeji yangu, aliyetayarisha vichwa.

"Aliyetayarisha vichwa," Msusi akarudia. "Kama muuza supu."

"Usichukulie hivyo."

"Kadi yangu iko wapi?"

"Ipo salama. Baada ya maonyesho." Paspoti akainama chini ya meza, akatoka na mashine ya kukaushia nywele, waya wake umefungwa gundi ya karatasi sehemu mbili. "Na hii nilikuwekea. Mtu kaiacha kwa deni, nikasema, itamfaa shemeji."

Msusi aliipokea. Mtu anayepanga kulipiza hakatai zawadi.

*

Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu mpole aliyezoea kulala chini ya masinki ya watu na kutoka na maneno machache. Alimsikiliza mkewe hadi mwisho huku akisugua kutu vidoleni. Kisha akasema aliyotegemewa kusema: kwamba ndugu ni ndugu, kwamba mdogo wake ana tamaa lakini moyo wake si mbaya, kwamba yakisikika nje mama yao ataumia. Damu ni nzito kuliko maji, akamalizia.

"Na mimi ndiyo maji," Msusi akasema.

"Sikusema hivyo."

"Wewe ni fundi bomba. Unajua mwenyewe maji yakizibwa huku yanatokea wapi."

Fundi bomba alirudi kwenye kutu yake. Ukuta wa pili, chumba cha uani, mama yake alikuwa akikohoa kikohozi chake cha jioni. Mama Mkwe ndiye aliyeijenga nyumba ile, na wote watatu walijua kwamba sauti inapita.

*

Siku mbili kabla ya ufunguzi Msusi alikwenda ukumbini. Msimamizi alimsikiliza akiwa amesimama, miwani mkononi. Alisema hakuna mwaka ambao hatokei mtu kudai picha ni zake, na kama yeye hana kadi wala nakala wala karatasi, basi ana maneno tu. Hakusema kwa ubaya. Alimwambia aje Jumamosi, kwa sababu siku ya ufunguzi kila mpiga picha husimama mbele ya picha yake moja na kuisimulia. "Kama si zake, atakwama," akasema. "Nimewaona wengi wakikwama."

Ndani, Paspoti alikuwa juu ya ngazi na nyundo. Visogo vya wateja wake vimeenea ukutani: muuza maziwa, mwalimu, mke wa fundi viatu mwenye jipu, na mapacha wawili. Wote walikuwa wakubwa, wamenyooka, wana bei chini yao. Msusi aliona kazi yake kwa mara ya kwanza ikiwa imesimama kwa miguu yake, na kwa kitambo akasahau hasira. Kisha akageuka kutazama ukuta unaokabili mlango.

Hapo palikuwa na picha moja peke yake, kubwa kama mlango wenyewe. Kichwa cha mwanamke mzee, kimepigwa kwa nyuma na juu, pale msusi anaposimama. Nywele zimeota nyembamba, nyeupe, zimesukwa kwa subira. Kati yake, kuanzia utosini kuteremka kisogoni, palikuwa na upara wa mviringo, laini, unaong'aa kama kitasa cha mlango wa zamani. Mkono wa mzee ulikuwa umeshika kitambaa shingoni tayari kukirudisha, kama mtu aliyechungulia nje na mkono haujauachia mlango.

Kilikuwa kichwa cha Mama Mkwe.

Upara ule ulichongwa na ngata. Mumewe alipokufa, Mama Mkwe alibeba mawe na mchanga kwenye majengo ya watu, karai juu ya ngata, ngata juu ya utosi, mwaka baada ya mwaka, mpaka wanawe wote wawili walipomaliza shule. Nywele za pale zikagoma kuota. Tangu hapo hakuna aliyeona kichwa chake. Alikula na kitambaa, alilala na kitambaa. Mabega yalipoanza kukataa kupanda juu ndipo alipomruhusu mkamwana amsuke, ndani, mlango umefungwa. Na siku moja akamwambia, "Nipige nikione, mara moja tu." Alikitazama kisogo chake kwa muda mrefu. "Kumbe ni kidogo hivi," akasema. "Mimi nilidhani kikubwa." Halafu akarudisha simu. "Futa."

"Nimefuta, Mama."

Hakufuta. Ilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kupiga, naye alijua.

"Hii ndiyo itakayotutoa, shemeji," Paspoti alisema kutoka juu ya ngazi. Alikuwa ameyafuata macho yake. "Wameshaiulizia hata kabla ya kufungua. Nataka niisimulie hii Jumamosi. Hebu niambie, bibi huyu ni nani?"

Msusi alimtazama ili aone kama ni mzaha. Haukuwa mzaha. Mtoto aliyelelewa chini ya kichwa kile alikuwa amekipima, amekikata, amekiwekea kioo na bei, na hakukijua. Neno lilimfika Msusi kwenye ncha ya ulimi. Lilikuwa neno moja tu, na lingeishusha picha ile chini siku hiyo hiyo.

Alilimeza. "Simjui sana. Alikuja kusukwa."

"Yu hai?"

"Wewe ukimwangalia unaonaje?"

Paspoti akacheka, akagonga msumari. "Basi nitatunga. Watu wanapenda huzuni."

*

Mama Mkwe alikuwa amesikia habari za maonyesho kwa majirani, si kwa mwanawe. Hakulalamika. Alisema tu kwamba watoto wakishapata kazi za watu wakubwa husahau kualika, na kwamba yeye kwenye mikutano yenye viyoyozi hupata mafua. Lakini Msusi alipomwambia, "Mama, Jumamosi tunakwenda wote," alikwenda kulitoa gauni lake la kijani na kulianika juani ili liondoke harufu ya sanduku.

Jioni ya Ijumaa alikaa kwenye stuli ndani ya chumba, mlango umefungwa, kitambaa kwenye magoti. "Nisuke vizuri," akasema. "Mwanangu hawezi kuona, lakini mimi nitajua."

Msusi alichukua mafuta akaanza. Alikuwa na nafasi ya kusema wakati wa mstari wa kwanza, na wakati wa pili, na wakati alipofika pembeni mwa upara na kupunguza mkono kama kawaida yake. Alijiambia kwamba akimwambia, mzee hatakwenda. Asipokwenda, Paspoti atasimama pale ndani ya koti lake apigiwe makofi. Basi vidole vikaendelea.

"Leo unavuta," Mama Mkwe akasema.

"Samahani, Mama."

"Mkono wa mtu mwenye jambo huwa mzito. Umegombana na mume?"

"Hapana, Mama. Uchovu."

"Basi pumzika kidogo. Kichwa hakikimbii."

*

Jumamosi ukumbi ulijaa. Walikuja watu wa vikombe vyembamba na watu wa kupita tu kwa kuwa ni bure. Muuza maziwa alikuja na shoga zake watatu, akajisimamisha ubavuni mwa kisogo chake akiwauliza wageni kama hawaoni wanafanana. Mama Mkwe alikwama hapo akicheka naye, na Msusi hakumharakisha.

Fundi bomba alitangulia, shati limepigwa pasi. Akasimama mbele ya ile kubwa, mikono nyuma. Alikaa hapo muda mrefu kuliko mahali pengine pote. "Hii nzuri," alimwambia mkewe kwa sauti ya chini, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki. "Bibi wa watu kachoka." Msusi alijifanya anasoma bei. Katika hesabu zake hakuwa amemtia mumewe.

Msimamizi akapiga makofi, watu wakasogea. Paspoti alisimama kando ya picha, amevaa koti la msumarini. Akatazama chini kidogo, akatazama juu, akaanza. Bibi huyu, alisema, alimkuta sokoni akibeba mizigo ya watu. Hakuwa na mtoto wala ndugu wa kumpa hata maji. Alikaa naye, akamsikiliza, akamwomba kwa heshima zote ampige picha, naye akavua kitambaa chake kwa hiari kwa sababu alimwamini. Wiki iliyofuata alimpelekea nakala yake. Akaambiwa bibi ameshafariki.

Mama mmoja aliinua miwani akajifuta jicho. Mtu akashusha pumzi.

"Alizikwa wapi?" swali likatoka nyuma, kwa sauti ya upole.

"Kwao kijijini, mama," Paspoti akajibu, macho bado yako juu kwa huzuni. "Jeneza nilichangia mwenyewe."

Ndipo ile sauti ilipomfika sawasawa. Mtu anaweza asijue kichwa cha mama yake, lakini sauti iliyomwamsha kwenda shule haikosi. Macho yake yakashuka, yakamtafuta, yakampata. Watu waliona shingo yake ikiingia ndani ya koti kama ya kobe.

Mama Mkwe alikuja mbele polepole na gauni lake la kijani. Watu walimpisha bila kuambiwa. Alisimama mbele ya picha akaitazama kama mtu anayesoma, kutoka juu hadi chini, akafika kwenye bei, akaisoma nayo. Kisha mkono wake ukapanda kwenye kitambaa.

"Mama, acha," fundi bomba akasema. Sasa naye alikuwa amejua.

Kitambaa kilishuka. Mama Mkwe akawapa watu mgongo, akasimama ubavuni mwa picha, kichwa kando ya kichwa, upara kando ya upara.

"Mtazameni vizuri," alisema akiuelekea ukuta. "Marehemu hana muda mrefu wa kukaa nanyi. Huyu hakukosa mtoto, alizaa wawili. Hapa pameliwa na mawe, na mawe ndiyo yaliyomsomesha huyo mwenye koti. Wala si yeye aliyepiga. Aliyepiga ni mke wa kaka yake, mimi nikiwa kwenye stuli yake, mlango umefungwa."

Utamu ulimpanda Msusi kutoka tumboni mpaka kooni. Ndicho alichokitaka, na kilikuja kizima kuliko alivyokiota: Paspoti anahangaika na vifungo vya koti, Msimamizi amevaa miwani yake anamtazama mtu kwa mtu, wenye vikombe wamesahau kunywa. Angekuwa peke yake angepiga kigelegele.

Kisha simu zikainuka. Ilianza moja, zikafuata tano, halafu ukumbi mzima, mikono juu kama wanafunzi wanaojua jibu. Kile kilichofichwa miaka yote kikawa kinamulikwa kutoka kila upande. Mwanga kutoka dirishani ulikuwa unaanguka vizuri sana. Uligusa sikio la mzee, ukapita kwenye mistari mipya, ukakaa juu ya upara, picha na mwenye picha kwa pamoja. Hakuna mpiga picha ambaye mkono wake ungetulia.

Mama Mkwe aligeuka kutafuta mtu wa kumshika mkono. Akamwona mkamwana wake, hatua tatu tu mbele yake, simu imeinuliwa usawa wa jicho.

Alirudisha kitambaa mwenyewe, kikakaa upande, akapita katikati ya watu peke yake hadi nje.

*

Mtaa haukumsamehe Paspoti, kwa sababu mtaa ukipata kichekesho hauachii. Wateja waliingia dukani wakiulizia, "Marehemu hajambo?" Kijana mmoja alikaa kwenye stuli akamwambia, "Nipige, lakini tafadhali usinizike." Watu walikataa kuvaa lile koti. Kabla mwezi haujaisha alishusha pazia la buluu, akahamia upande mwingine wa mji ambako walimjua kwa jina lake.

Kaka yake hakumuaga. Hakumsema mkewe pia. Alichomwambia ni kimoja tu, chini ya bomba la uani alilokuwa akilikaza ingawa halikuvuja. "Mimi nami nilipita pale. Nikasema bibi wa watu." Akaendelea kukaza mpaka uzi wa bomba ukaharibika.

Msimamizi alikuja mwenyewe hadi barazani, ameleta ile kadi na majina mapya ya kubandika chini ya picha. Jina la Msusi, kamili, kwa herufi kubwa. Mapacha walikuwa wameuzwa, mke wa fundi viatu pia. Na kwa ile kubwa amejitokeza mtu anayetaka kulipa kiasi ambacho Msimamizi alikitaja kwa kunong'ona, kiasi cha kutosha kufungua saluni yenye mlango wa kioo. Ila ukumbi sasa umejifunza. Bila ridhaa ya mzee, haiuzwi.

Msusi aliingia chumba cha uani, akapiga magoti karibu na kitanda. Mama Mkwe alikuwa anakunja nguo. Kichwa kilikuwa wazi. Tangu Jumamosi ile hakuwa amevaa kitambaa tena, ndani wala nje.

"Ulijua ipo pale," Mama Mkwe akasema kabla hajaulizwa.

"Nilijua, Mama."

"Ukanisuka Ijumaa huku unajua."

"Ndiyo, Mama."

"Nilikuambia ufute."

Msusi alinyoosha mkono amsaidie kukunja, Mama Mkwe akaisogeza nguo mbali.

"Simlilii yule mwenye koti. Alichokipata alikitafuta, na ningekuwa na nguvu ningemwongezea." Alikunja nguo nyingine, akainyoosha kwa kiganja. "Lakini wewe ulitaka kumpiga, ukatazama huku na huku, ukaniokota mimi. Fimbo ya karibu ndiyo iuayo nyoka, sawa. Umewahi kumsikia mtu akiiuliza fimbo kama imeumia?"

"Nisamehe, Mama."

"Picha isiuzwe. Na isishushwe. Ikae palepale mlangoni na jina lako ulilolitaka. Na kila Jumamosi watu wakija, usimame uisimulie, kama wanavyofanya wenzio siku ya ufunguzi. Useme, huyu ni mama mkwe wangu. Aliniomba niifute, nikamwambia nimefuta. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Basi nipishe mwanga."

*

Msimamizi alikubali kuiacha picha palepale hata mwezi wa maonyesho ulipokwisha, basi Msusi akawa anafunga baraza kila Jumamosi mchana, anakwenda ukumbini, anasimama mbele ya kichwa kile na kusema maneno yale. Wageni humsikiliza vizuri mpaka anapofika kwenye neno nimefuta. Hapo wengine hutazama viatu vyao, na wengine humtazama yeye, jambo ambalo ni zito zaidi. Visogo vingine vinauzika. Ameshaitwa kwenye kumbi mbili za miji mingine. Jina lake linajulikana sasa, na kila linapotajwa, linatajwa pamoja na lile neno.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na baraza lake, kuna msusi mwingine anayeitwa Mama Kucha, kwa kuwa hupaka na kucha pia. Mkono wake ni mzito na mistari yake huenda upande. Miaka yote Mama Mkwe alikuwa akisema kwamba yule mwanamke hasuki, anafunga mizigo. Sasa kila Ijumaa mzee huvuka barabara na mkongojo, anakaa kwenye stuli ya Mama Kucha pale nje, peupe, kichwa wazi kwa wapita njia wote. Huigeuza stuli kwanza, ili mgongo wake umwelekee mkamwana.

Ijumaa moja Msusi alikuwa anammaliza muuza maziwa, akaliona jua la alasiri limeingia kati ya nyumba mbili na kumwangukia mzee begani. Mistari ilikuwa imekwenda upande, lakini mwanga haujali. Mkono wake uliingia mfukoni mwa aproni, ukaigusa simu, ukatoka mtupu.

Mama Kucha alikuwa amemaliza. Hakuwa na kioo cha pili naye, na hakuwa mtu wa kubeba kinyongo cha wengine. "Jirani," akaita kutoka ng'ambo, "njoo na simu yako umpige bibi aone nyuma alivyotoka."

Muuza maziwa akamtazama Msusi. Msusi akashika kitana kwa mikono miwili. Mama Mkwe alijipapasa kisogo kwa vidole, mstari mmoja baada ya mwingine, akaukuta ule ulioenda upande, akaupita. Hakugeuka.

"Mwambie asijisumbue," alisema. "Nikitaka kukiona, nitakwenda ukumbini nilipe kiingilio."